Plagi Nne na Magunia Tisa ya Chai

Nyabate alichuma chai miaka kumi na moja, hadi mashine zilipoletwa shambani na wachumaji wakarudishwa nyumbani. Siku hizi ni fundi wa magari hapa Litein, lakini vidole ni vilevile.

Jumanne saa sita mchana, pikapu ya Gibson iliingia gereji ikikohoa. Nyuma ilibeba magunia tisa ya majani mabichi, yake na ya mama yake, yakielekea kiwandani. Majani hayo yakikaa sana ndani ya gunia hupata joto na kuwa mekundu, na kiwanda huyakataa.

"Fundi, nibadilishie plagi haraka. Mpya ndizo hizi."

Nyabate aliweka kiganja juu ya injini, akakiondoa mara moja. "Tungoje ipoe. Nikizifungua ikiwa na moto hivi, zitatoka na meno ya matundu yake kwenye kichwa cha injini."

"Mama fundi, injini ikipoa, chai nayo inaungua!"

"Basi shusha chai."

Gibson alicheka, kisha akaona Nyabate hacheki. Waliyamwaga majani juu ya turubai kivulini, na Nyabate akawa anayageuza kwa mikono ili yapate hewa. Mtu wa boda aliyekuwa akipita akauliza kama gereji imegeuka kituo cha kununua chai.

Saa nzima ilipita kabla Nyabate hajagusa injini tena. Alipuliza vumbi kando ya plagi kwa pampu ya baiskeli, ndipo akatoa plagi za zamani. Moja ilikuwa nyeusi tii. Kila mpya aliichomeka kwenye kipande cha mpira wa kupitishia petroli, akaitia tunduni, akaizungusha kinyume kidogo mpaka akasikia imeshika meno, kisha akaiingiza polepole kwa ncha za vidole.

Gibson alileta bomba la chuma la kurefushia spana. "Kaza kabisa, fundi. Barabara ya kwetu Boito ni mawe matupu."

"Ukikata plagi humo ndani, utasukuma gari mpaka Boito."

Akamnyang'anya bomba. Alimalizia nusu mzunguko tu kwa spana fupi.

Injini iliwaka mara ya kwanza, bila kukohoa. Wakajaza magunia mbio mbio.

Saa kumi Gibson alipiga simu. "Wamepokea yote! Karani aliingiza mkono hadi chini ya gunia, hakupata hata jani moja jekundu. Lakini nimesahau bomba langu kwako."

Nyabate aliangalia nje. Bomba alikuwa amelisimamisha wima, limeinua kona ya turubai alilofunga ukutani, na chini yake palikuwa na kivuli kizuri.

"Acha likae," alisema. "Huku limepata kazi."