Maoni ya Mtu wa Nyuma ya Ukuta

Wanafunzi wangu walimhukumu yule baba wa kitabuni hata kabla ya kengele ya mapumziko. Riwaya yenyewe inasimuliwa na msichana aliyekulia mashambani katika boma lenye ugomvi. Baba ni mkali na hajui kuomba radhi, mama ni mpole kupita kiasi, na kaka mkubwa anafukuzwa nyumbani watu wakiona. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa karibu na Birongo. Niliichagua riwaya hiyo, niliwaambia wenzangu, kwa kuwa ni fupi na lugha yake ni nyepesi.

"Mwalimu, huyo buda ni noma," kijana mmoja alisema kutoka nyuma ya darasa. "Angepelekwa tu kwa chifu."

"Na mathe je?" msichana mmoja akamrukia. "Si alikuwa hapo hapo? Alinyamaza tu kama kiti."

Nikawapa kazi ya kuandika maoni yao. Nusu ya darasa walianza na asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, methali ambayo wanafunzi wangu huweza kuanzia hata insha ya ufugaji wa nyuki. Baba alipata sifa zote mbaya zilizomo katika kamusi. Hakuna hata mmoja aliyemtetea.

Aliyemtetea alikuwa mwenye duka la vitabu kule Ogembo, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja kufanya biashara akaoa akabaki. Alikuwa ameisoma nakala moja akingoja wateja, na nilipokwenda kuongeza nyingine akaniambia, "Mwalimu, mimi huyo baba namhurumia. Neno ukishalitoa mbele ya watu, kulirudisha si kazi ndogo. Heri kuvuta lori lililoingia mtaroni."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba lori halina mdomo, na mwenye mdomo ana uwezo wa kusema nimekosa. Akanitazama kwa upole, akanifungia vitabu vyangu kwa gazeti. Njiani niliona haya, maana yeye alikuwa akizungumza habari za kitabu, na mimi nilikuwa nikizungumza habari za nyumbani kwangu.

Mume wangu ndiye kifungua mimba wa boma letu. Mwaka juzi aling'oa mistari ya majani chai upande wa mtoni ili apande avokado. Ile chai ilikuwa imezeeka, lakini baba yake aliipanda akiwa kijana, alipopata kazi katika kiwanda cha Itumbe. Mume wangu anasema aliomba ruhusa. Baba yake anasema aliarifiwa. Sabato iliyofuata, wageni wa kanisani wakiwa bado wameshika sahani, mzee alisimama akamwambia atafute baba mwingine wa kumpa shamba la kuharibu. Mume wangu akaiweka sahani yake chini ikiwa na chakula, akatoka.

Tangu siku ile hakula tena nyumbani kwa mama yake. Hufanya kazi Nakuru, na akija hupitia njia ya nyuma, anaona watoto, analala, anaondoka kabla ya chai. Pale palipong'olewa pamebaki peupe kama kichwa kilichonyolewa. Miche yake ilikaa nyuma ya nyumba yangu ndani ya mifuko myeusi, mizizi ikatoboa mifuko ikaanza kujishikia ardhi yenyewe.

Halafu mwaka huu akaniambia amepata kiwanja Nakuru. Shule zikifungwa, nifungashe.

Sikutaka kuhama. Nasema waziwazi, sikutaka. Naipenda kazi yangu, watoto wamezoea meko ya bibi yao, na nilikuwa na hasira kwamba wanaume wawili wamegombana kisha mimi ndiye nibebe magodoro. Siku ya harusi yangu shangazi aliniambia ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nilikuwa nimelima hadi nikachoka.

Mtu atauliza kwa nini sikwenda kumwambia mzee. Mtu huyo si wa kwetu. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa mbali, na heshima hiyo tunaiita chinsoni. Yeye haingii nyumbani mwangu kwa kuwa ni nyumba ya mwanawe. Mimi siketi naye kupiga soga, na ugomvi wa boma ndio kabisa hautajwi kati yetu. Siidharau chinsoni, imeniepusha na maneno mengi. Ila mwaka huu ilinifunga mdomo.

Mama mkwe ndiye aliyeanzisha kusoma. Alinikuta jioni nikisahihisha insha huku nikicheka, akataka kujua kinachonichekesha. Nikaenda na kitabu jikoni kwake, jiko la udongo lililo peke yake uani, nikawa namsomea huku akichambua mboga. Palipomshinda nilimfafanulia kwa Kigusii. Jioni ya pili akaniambia niongeze sauti. Nilidhani ni masikio yake.

Mzee ana kiti chake nyuma ya ukuta wa jiko hilo. Huketi pale jioni na redio yake akingoja habari, na juu ya ukuta kuna nafasi ya kutolea moshi. Baada ya siku chache nikatambua kwamba nikifungua kitabu, redio inazimwa. Nikikifunga, inawaka. Mama mkwe aliendelea na mboga zake, uso mkavu.

Kisha maoni yakaanza kuja.

"Kuna mtu anasema huyo kijana wa kitabuni ana kiburi," mama mkwe aliniambia asubuhi moja tukikamua ng'ombe.

"Mwambie huyo mtu kiburi cha kijana kina mahali kilikotoka," nikajibu.

Kesho yake: "Kuna mtu anasema aliyeandika hajawahi kuchuma chai. Hajui mti wa chai unalelewa vipi."

Siku nyingine: "Kuna mtu anasema, je, wale wageni walikuwa lazima waje siku hiyo?"

Nilicheka peke yangu njia nzima hadi shuleni, kisha nikaacha kucheka. Mzee alikuwa anajitetea, na aliyekuwa akisikiliza kesi ni mimi.

Tukafikia sura ya kufukuzwa. Mwandishi hakuipamba. Kaka anatoka na mkoba wake, baba anasimama mlangoni, na msichana anaona mkono wa baba ukiinuka kidogo, kama wa mtu anayetaka kumwita mwenzake, kisha baba anaurudisha mfukoni. Niliisoma polepole. Mama mkwe aliacha mboga. Nilipomaliza ukurasa, sauti ikatoka nyuma ya ukuta.

"Soma tena hapo."

Alisema kwa Kiswahili. Nimeyafikiria sana maneno hayo matatu. Kigusii ndicho anachonisalimia, ndicho anachoombea chakula. Kiswahili ni cha kiwandani, cha wageni, na nadhani kwa Kigusii asingeweza kabisa kuniambia. Mama mkwe alinitazama macho yamemtoka. Nikasoma tena, kuanzia mkoba hadi mfukoni.

Redio haikuwashwa.

"Anarudi huyo kijana?" mama mkwe akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Anarudi," nikasema. Sikumwambia kwamba katika sura ya mwisho anarudi akakuta kaburi limeota nyasi.

Jioni iliyofuata kiti kilikuwa kitupu. Na iliyofuata pia. Mama mkwe akaniambia nimesoma kwa nguvu mno, kana kwamba si yeye aliyetaka niongeze sauti. Kitabu nikakirudisha shuleni. Nikaanza kutafuta maboksi ya kufungashia vyombo, na nikilia nilisingizia moshi.

Jumapili asubuhi nilikuwa nikifua nilipomwona mzee pale peupe karibu na mto. Alikuwa na jembe. Kando yake palikuwa na miche mitatu ya avokado. Ameichukua saa ngapi nyuma ya nyumba yangu sijui, maana mahali pale huwa hapiti. Mama mkwe akaja mbiombio, akasimama mlangoni kwangu.

"Mokamwana," akaniita, yaani mke wa mwana, jina analonipa jambo likiwa kubwa. "Kuna mtu anauliza, miti hii huachana nafasi gani, mmoja na mwenziwe?"

Nilijua. Mume wangu alikuwa ameniimbia habari za nafasi na mbolea mpaka nikaziota.

"Mimi sijui, mama," nikasema. "Ngoja nimwulize mwenyewe."

Nikapiga simu, nikaweka spika. Nikamwuliza mume wangu.

"Nani anataka kujua?"

"Mzee. Yuko mtoni na jembe. Amechimba shimo moja."

Mama mkwe alikuwa ameshika miimo ya mlango kwa mikono miwili.

"Shimo lina ukubwa gani?" mume wangu akauliza.

Nikanyoosha shingo kutazama. "Dogo. Kama la kupandia chai."

Nikamsikia akivuta pumzi, na alipoongea tena sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

"Mwambie aache. Hilo ni dogo sana, miti itakufa. Nitakuja Ijumaa, nichimbe mwenyewe."

Mama mkwe hakusubiri niagane na mume wangu. Alishuka mteremko ule ameinua rinda kwa mkono mmoja, nami nikabaki na povu viganjani. Nilimwona akimwambia mzee, na mzee akisikiliza ameegemea jembe. Akasema kitu kifupi. Kisha akaifunika miche kwa majani ya mgomba isichomwe na jua.

Mama mkwe akapanda tena, anahema.

"Kuna mtu anasema," akaanza, akasimama kwanza apumzike. "Kuna mtu anasema anayekuja Ijumaa asipite njia ya nyuma. Na asile njiani."

Hakungoja jibu langu. Alikwisha kuingia jikoni kwake kutazama kama unga wa wimbi utatosha.