Upinde Uliopakwa Mafuta ya Nazi

Marijani amechoka. Naanza na hilo kwa sababu mwenyewe halisemi. Ukimuuliza habari atakujibu nzuri, kisha atatafuta mahali pa kukaa. Asubuhi mpaka alasiri anapiga msasa katika karakana ya samani ya Bwana Taiyeb, hapa Chang'ombe, na vumbi la mninga limemkaa kwenye nyusi. Mwisho wa wiki alikuwa anapiga besi katika kikundi chetu cha taarabu, lile besi kubwa la mbao linalopigwa kwa kusimama, ambalo limemzidi kimo. Bega lake la kulia limekula chumvi nyingi kuliko yeye.

Mimi napiga akodiani. Nimekaa kando yake tangu ndevu zetu zikiwa nyeusi, kwa hiyo habari za Marijani sisimuliwi na mtu.

Wapiga besi wengi wa taarabu huzidonoa nyuzi kwa vidole, basi. Marijani alifundishwa na marehemu mjomba wake kutumia na upinde, ule ule wa fidla wenye nywele za mkia wa farasi, ila huu ni mfupi na mnene. Mahali pake ni kwenye bashrafu, muziki wa kufungulia shughuli, usio na maneno, kabla mwimbaji hajainuka. Bashrafu yetu ikifika mwisho sote hunyamaza, na besi hubaki peke yake likivuta sauti moja ndefu ya chini kabisa. Sauti ile mtu huanza kuisikia kwa miguu, kwenye sakafu, ndipo ifike masikioni. Waliokuwa wanacheka hunyamaza, na anayegawa soda husimama na kreti lake mkononi. Kisha mwimbaji huinuka, na ukumbi wote humwendea yeye.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira. Kwenye taarabu mtu akiguswa huinuka kwenda kutunza, na anayetunzwa ni mwimbaji. Atawekewa noti, atafutwa jasho kwa leso, atavishwa maua. Mpiga besi yuko nyuma, hata picha hazimfikii. Katika maisha yangu yote sijawahi kuona mtu akipanda jukwaani kumtunza mpiga besi, na nimepiga harusi za mama nikaja kupiga za binti zao.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mepesi pia. Sebule yao inavuja, kwa hiyo besi lilikuwa linalala chumbani, kati ya kabati na kitanda. Mkewe, Tunu, ni msusi. Barazani kwake hapakosi mtu aliyekaa kwenye mkeka na kichwa nusu kimesukwa. Besi alilipa jina la mke mwenza, na wanawake wa barazani walicheka sana, lakini Tunu hakuwa anacheka. Alikuwa anafagia kulizunguka. Mume anarudi kutoka karakana hana nguvu hata ya kuzungumza, anakula, anapumzika kidogo, kisha anaingia chumbani kushikana na yule mwingine. Farida, binti yao, alizaliwa baba akiwa kwenye shughuli Bunju. Miaka yote hiyo Tunu hakuwahi kuligusa besi lile wala chochote chake, na mara moja alimuuliza mumewe, mbele yangu, nyumba ile ni ya nani, yake yeye au ya besi.

Mwaka huu vijana wa kikundi walinunua kinanda cha umeme ambacho kina sauti ya besi ndani yake. Jabiri, mwenyekiti wetu, alizungumza na Marijani kwa adabu zote. Alisema harusi ya Kinondoni itakuwa ya mwisho, baada ya hapo besi lipumzike, na yeye apumzike. Marijani akasema sawa. Mtu aliyechoka ni rahisi kumnyang'anya kitu, hugombani naye hata kidogo. Ila aliomba jambo moja: siku hiyo bashrafu isikatwe, ipigwe nzima mpaka mwisho wake.

"Mbwana," aliniambia tukitoka, "nataka niivute ile moja tu, vizuri. Kisha basi."

Habari ilimfikia Tunu. Sijui ilimgusa wapi, maana alibadilika. Alishona gauni. Alisema atakuja, yeye ambaye hajakanyaga shughuli zetu tangu Farida akiwa mtoto wa kubebwa. Na asubuhi ya harusi, Marijani alipokwenda kuchukua pikapu ya Bwana Taiyeb ya kubebea besi, Tunu aliingia chumbani akautoa upinde kwenye mfuko wake wa kitambaa.

Sasa, nywele za upinde hupakwa ulimbo mkavu. Ulimbo ndio unaozifanya zing'ang'anie uzi mpaka uzi ulie. Bila ulimbo zinateleza tu. Na ulimbo huacha unga mweupe kwenye nywele. Tunu hakuwa anajua hayo, nani angemwambia? Alichokiona ni nywele kavu, zenye mba. Na mba ndiyo kazi yake. Aliziosha kwa sabuni, akazianika zikakauka, kisha akazipaka mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, akazichana kwa chanuo taratibu mpaka zikang'aa. Akaurudisha upinde mfukoni na kunyamaza, mumewe akautolee hukohuko.

Shughuli ilikuwa baada ya Alasiri. Tulijipanga jukwaani, Marijani akatengeneza nyuzi kwa vidole, na zamu ya bashrafu ilipokaribia akafungua mfuko. Mimi niliisikia harufu kabla sijaona kitu. Alipitisha kidole gumba kwenye nywele, akakitazama kidole, kikiwa kinang'aa. Akanitazama mimi. Kisha sote wawili tukatazama mbele.

Tunu alikuwa safu ya kwanza. Baibui ameliachia, gauni jipya linaonekana, na kifuani ana kikuba cha asumini. Alikuwa anawaeleza wenzake, na hakuwa anashusha sauti.

"Leo kila kitu chake nimekitengeneza mie mwenyewe, mpaka fimbo yake ile."

Akamwinulia mumewe kidevu, kama mama anayemtazama mtoto wake siku ya kusoma maulidi.

Nikamnong'oneza Marijani aweke upinde chini, adonoe kwa vidole. Angeweza. Sauti ya vidole ni fupi, inazima upesi, lakini ingekuwa sauti yake, na ingekuwa ya mwisho. Aliutazama upinde, akamtazama Tunu. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba akiuweka chini, wanawake wale wote watamwuliza Tunu kulikoni, na Tunu ataelewa.

"Nishikie chini, Mbwana," alisema.

Akodiani ina vifungo vya sauti nene upande wa mkono wa kushoto. Nilimwelewa: mkono wangu umshikie ile sauti ya chini.

Tukapiga. Palipotaka vidole alitumia vidole, na sijawahi kumsikia akidonoa vizuri kama siku ile. Tukafika mwisho. Fidla zikanyamaza, ngoma ikanyamaza, kama ilivyo desturi. Marijani akainua upinde, akauweka juu ya uzi mnene, akavuta. Kilichotoka ni kama mtu anafagia chumba cha pili. Nikabonyeza kifungo changu cha chini na kuufungua mfuko wa akodiani polepole, macho yangu kwenye mkono wake, twende pamoja. Sauti ya akodiani ni ya puani, haifiki sakafuni. Jabiri aligeuza kichwa. Wapiga fidla wakatazama viatu vyao. Marijani hakutazama popote. Mkono wake ulikwenda mpaka mwisho wa upinde, na lile bega bovu, bila haraka, kama vile sauti ilikuwepo. Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.

Mwimbaji akainuka. Na Tunu naye akainuka. Watu wakadhani anakwenda kumtunza mwimbaji, wakashangaa, maana mwimbaji hata mdomo hajafungua. Alimpita. Alipita akodiani yangu, akaenda mpaka nyuma kabisa, akachomoa kikuba kifuani kwake na kumbandika mumewe kwenye kanzu. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

"Leo limelia laini, Baba Farida," alisema.

Marijani alikishika kikuba kisianguke.

"Mafuta yako hayo," akamjibu.

Tulipokuwa tunapakia besi kwenye pikapu nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia amweleze mkewe ukweli, si dhambi. Upinde tutaufuta kwa spiriti, tutaupaka ulimbo upya, na mimi mwenyewe nitamwendea Jabiri atupe siku nyingine, aivute ile sauti kama alivyotaka. Nilikuwa na hasira na kila mtu, na Tunu, na kinanda, na Marijani mwenyewe kwa upole wake usiokwisha. Yeye alikuwa amekaa ukingoni mwa pikapu anajisugua bega. Kikuba kilikuwa bado kipo kifuani, kimeanza kunyauka.

"Ile sauti mie nimeisikia miaka yote," alisema. "Tunu kushika kitu changu, leo ndiyo nimeona. Niache, Mbwana."

Nikamwacha.

Besi limerudi kati ya kabati na kitanda, na halitoki tena. Kinanda kinafanya kazi yake, sina la kusema juu ya kinanda. Ijumaa jioni huwa napita kwao kunywa kahawa. Tunu akishamaliza kichwa cha mwisho na mteja akaondoka, huenda chumbani, hulifuta besi vumbi, hurudi na upinde na kuketi nao mkekani. Anauchana, anaupaka nazi, anaugeuza upande wa pili. Ananiambia, shemeji, tazama zilivyojaa sasa, zilikuwa zinakufa hizi. Namwambia kweli, shemeji. Marijani huwa amekaa karibu yake, ameegemea ukuta, macho ameyafumba nusu. Na upinde ukishashiba, mafuta yanayobaki kiganjani Tunu humchua nayo bega.