Kikapu cha Ghorofa ya Nne

Kila asubuhi, hapa kichochoroni kwetu Kairo, Hajjati, jirani wetu wa ghorofa ya nne, huteremsha kikapu kwa kamba, naye Atiya muuza mikate hukijaza. Vidole vya Hajjati vimepindwa na baridi yabisi, lakini kamba haijawahi kumponyoka. Leo mtalii mmoja, yeye na kamera yake tu, alikipiga picha kile kikapu, kisha akatumbukiza noti kama anayempa ombaomba. Hajjati akakivuta, akachungulia ndani. Nasi sote tukaona aibu. Kikapu kikashuka tena na noti ileile, kando yake sahani ya biringanya zilizojazwa wali, bado za moto.

"Msamehe, Hajjati," Atiya akambembeleza. "Ni mgeni."

"Mgeni?" Sauti ilimtetemeka kwa hasira. "Basi mwambie achukue hela zake, akae hapo ale, nimwone."