Gauni Langu la Ukungu

Leso hii niliyojifunikia uso si yangu, na kisa chake nitawaeleza nikiwa humuhumu ndani yake.

Nafanya kazi katika kiwanda kidogo Ukunda, tunatengeneza kitambaa kisichofumwa, kile cha mifuko ya sokoni. Punje za plastiki huyeyushwa, zikavutwa zikawa nyuzi nyembamba kushinda unywele. Nyuzi hutua kwenye mkanda kama ukungu wa alfajiri, kisha rola za moto huzishikanisha. Mimi huzitazama mpaka nikasahau kama nina miguu.

Juzi walikuja kina mama mafundi cherehani kutoka Mwabungo. Wakikipenda kitambaa, ndio wateja wetu wa kwanza. Bosi alinichagua mimi niwaeleze, nami kwa kujipendekeza nikajishonea gauni la kitambaa hichohicho, jeupe, jepesi kama usingizi. Asubuhi nikalifukiza udi kama mama alivyonifunza: chetezo chini, gauni juu, na mimi kando nimefumba macho, niko mawinguni. Nikalivaa bila kuligeuza kulikagua, nikajitupia buibui, nikaenda.

Mbele ya wageni nikavua buibui kwa madaha.

"Shikamooni. Nyuzi hizi hushikanishwa na moto. Lakini moto ukizidi, kitambaa chote huyeyuka."

Nikawapa mgongo kuwaonyesha rola.

Bi Mwanaidi, mkubwa wao, akaja akanifunga leso yake kiunoni.

"Ahsante, mwanangu, tumefahamu," akaninong'oneza. "Huku nyuma tumejionea wenyewe, mpaka shumizi."