Taa ya Samaki wa Mwalimu

Mume wangu, mwalimu wa sayansi wa sekondari pale Lushoto, alileta nyumbani tangi la kioo lenye samaki wanne wekundu. Aliachiwa na mzungu mmoja wa misitu aliyekuwa anarudi kwao. Nilimuuliza samaki wasioliwa wanafugwa ili iweje, akacheka tu. Mimi mtu akicheka badala ya kujibu, namtilia shaka papo hapo.

Mwezi haukuisha, maji yakawa ya kijani kama mboga ya kisamvu, na samaki mmoja akafa. Ndipo alipotoa kwenye sanduku la yule mzungu bomba jeusi lenye taa ndani. Akaliunga na tangi kwa mipira miwili ya maji, pampu ikawa inavuta maji ya tangi, inayapitisha kando ya taa na kuyarudisha. Alisema mwanga ule unaua vijidudu na kuondoa ukijani. Ila nisilifungue kamwe likiwaka, litaniunguza macho. Taa gani hiyo isiyotazamwa? Na kwenye maungio ulivuja mwanga wa buluu.

Miaka ile ya Ujamaa redio ilituonya kila mara tujihadhari na vibaraka. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa kanisa mwenye shamba la viazi, alikuwa ameshauona mwanga dirishani. Akaniuliza kwa upole mwalimu anazungumza na nani kwa chombo kile. Ningeweza kucheka. Badala yake nilikumbuka barua ambazo yule mzungu alikuwa akimwandikia mume wangu tangu arudi kwao, zenye stempu za kigeni. Nikamwambia aje Jumatatu asubuhi, mwalimu akiwa darasani.

Alikuja, nikamwamkia, nikampa chai. Nilizima pampu maji yasimwagike, lakini taa tukaichomoa kwenye bomba ikiwa inawaka, maana tulitaka kukikamata chombo kikiwa kazini. Tuliitazama kwa zamu, karibu kabisa, tukitafuta nyaya na namba za siri.

"Ni taa tu, mwanangu," alisema mzee.

Alikuwa amevunjika moyo. Hata mimi nilivunjika moyo, sitaficha.

Jioni macho yangu yakawa kama yametiwa mchanga, sikuweza kuyafumbua. Balozi naye akaletwa na mkewe, ameshikwa mkono, na mume wangu akajua yote. Alimpa mzee shikamoo yake, akatuwekea sote wawili vitambaa vya maji baridi, akasema baada ya siku mbili tutaona. Wageni walipoondoka aliniuliza nilidhani mle ndani mna nini. Nikamjibu, redio.

Nilimsikia akikamua kitambaa kwenye beseni.

"Na ingekuwa redio," alisema, "ungemwacha mzee anipeleke polisi?"

Nilishukuru kwamba macho yangu yamefunikwa. Alingoja jibu mpaka kitambaa kikapata joto usoni pangu, kisha akanibadilishia kingine.