Maji niliyotema mbele ya Mata, pale Voi

Wakuu, hamjambo. Na nyinyi wadogo pia, najua humu mumejaa.

Mimi ni Mama Mwakio, nyanya wa kijiji cha Mghange, huku milimani Taita. Shule niliacha mapema, kwa hivyo herufi zangu msinisahihishe. Nisahihisheni nikidanganya, na leo sidanganyi.

Na wewe ambaye umeshaanza kuandika "nyanya umeenda kuabudu sanamu", weka simu chini unywe maji. Soma mpaka mwisho ndio uongee.

Iko hivi.

Pale Voi kuna hekalu dogo la Wahindi, la zamani sana. Mimi nililikuta, na mama yangu alilikuta. Wazee walisema lilijengwa na wale waliokuja na reli. Ndani anakaa Mata. Mata kwa lugha yao ni mama, ndiye mungu wao wa kike.

Miaka yote nimepita nje yake na ndizi kichwani, sijawahi kuingia. Nilikuwa naenda dukani kwa Mama Jaya.

Mama Jaya ni Mhindi, mzaliwa wa Voi, anauza vitambaa. Alikuwa akinunua ndizi zangu na yale maua ya njano yanayoota ovyo shambani kwangu. Kwangu ni magugu, kwake ni ya Mata. Halafu ananivuta nyuma ya kaunta, chai ya tangawizi, tunateta watu mpaka jua linapinda. Tumezeeka hivyo.

Kisha mzee wangu akafa.

Matanga yalijaa. Hata watu waliogombana naye walipanda mlima. Mama Jaya hakuja. Hakutuma mtu, hakutuma hata neno.

Nikaacha kupita kwake. Ndizi nikapeleka upande wa pili wa soko. Nikimwona barabarani, naangalia reli.

Hasira ya Mtaita haina kelele, wakuu. Inakaa kifuani kama jiwe la kusagia. Unalima nalo, unaenda nalo kanisani, unaimba nalo.

Majuzi mama mmoja wa mboga akaniletea habari. "Mama Jaya anahama. Kijana wake amekuja kumchukua, wanaenda Ulaya, harudi tena. Anasema kesho umsindikize kwa Mata, mara ya mwisho."

Nikasema siendi.

Asubuhi nikajikuta nakata maua.

Voi mnaijua ilivyo mchana. Vumbi jekundu, jua liko kwa kisogo. Lakini nilipovua viatu mlangoni na kukanyaga ile sakafu ya jiwe, baridi ilinipanda kutoka nyayo mpaka magoti. Kelele za malori zikazimika kama mtu amefunika sufuria.

Mama Jaya alikuwa ameketi chini karibu na nguzo. Amekonda. Nikakaa kando yake, nikaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Umekuja," akasema.

"Nimeleta maua. Sijakuja kwako."

"Mdomo wako bado ni kisu."

"Na wako siku ya matanga ulikuwa wapi?"

Akaangalia mbele, na mimi nikaangalia mbele.

Sasa hapo sijui niwaeleze vipi.

Moshi wa ubani ulikuwa unapanda polepole, na kila unapopita usoni kwa Mata ni kama anageuka kidogo. Taa ndogo za samli zinacheza. Ana mikono mingi, na niliona sawa tu, maana mama yeyote angetaka mingi. Amekalia simba. Sisi watu wa huku simba tunamjua, amekula mbuzi wangu wawili. Lakini huyu alikuwa ametulia chini ya yule mama kama paka aliyeshiba, na macho yake yananiangalia mimi.

Kengele ikalia. Sauti yake haikuisha. Ilizunguka ukutani, ikaingia kwa mifupa, ikakaa. Nikaona kama mzee wangu yuko pale nguzoni na koti lake la kanisani, ananisubiri nimalize. Sikuogopa.

Kuhani wao, wanamwita maharaji, akaja na kijiko kidogo cha shaba. Akamwekea Mama Jaya maji kiganjani, akanywa. Akaniwekea na mimi. Nikatia mdomoni kwa adabu tu, nisimwaibishe mwenyeji.

Hapo ndipo nikakwama.

Mimi ni mtu wa kanisa. Kumeza maji ya mungu mwingine siwezi. Kuyatema mbele ya watu siwezi. Nikabaki nayo mdomoni kama mtoto na dawa chungu, baridi, yana harufu ya majani.

Wadogo, nyinyi hamjui kutasa. Zamani mzee wa Kitaita akiwa na hasira na mtu, hakukaa nayo, maana hasira ya mzee inatoka bila wewe kuiona na kugusa watoto na mifugo. Alichukua maji au pombe ya miwa, akajaza mdomo, akapuliza chini, akasema maneno ya kuitoa. Nilimwona mama yangu akifanya. Kanisa lilitukataza, nikaacha. Nilidhani nimesahau.

Mwili haukusahau. Maji mdomoni, mahali patakatifu, mtu niliyemkasirikia kando yangu.

Nikapuliza.

Pffff! Chini, karibu na kucha za simba. Na maneno yakatoka yenyewe, kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya mama yangu: kama nilikuwa na hasira na huyu, naitoa. Aende salama. Watoto wake wawe salama.

Maharaji akaruka. "Mama! Hapa hatutemi!"

Nilitamani sakafu inimeze.

"Muache," Mama Jaya akasema. "Hajatema. Huyo anaomba. Mama yake alimfanyia Jaya wangu hivyo hivyo, akiwa mtoto, akiumwa."

Kisha akaanza kulia, na sari mdomoni.

"Nilikuja, Mama Mwakio."

"Ulikuja wapi?"

"Matangani. Na sari nyeupe ya msiba. Nilifika kwa geti. Shemeji yako akanizuia, akasema nyinyi mnachoma watu wenu, usituletee mkosi kwa kaburi. Akasema ni wewe umemtuma."

"Na ukaamini?"

"Nikaamini. Na mimi nilikuwa na jiwe langu."

Wakuu, nilifungua kifua nimtafutie shemeji hasira yake. Nilitafuta kweli, maana ilimfaa.

Haikuwepo. Ilikuwa pale sakafuni na yale maji, inakauka.

Mama Jaya akasogea, ile nafasi ya mtu mmoja ikaisha. Tukakaa bega kwa bega, maharaji anapangusa na kitambaa, ananung'unika. Kesho yake akaenda.

Jumapili shemeji alipita kwangu. Nikampa ndizi. Akauliza, "Mbona waniangalia hivyo?" Nikamwambia kula.

Funzo langu ni hili. Ningeulizia sababu kwanza, ningelitoa jiwe kwa mtu mmoja nikamwekea mwingine, mpaka niingie nalo kaburini. Sababu ilinikuta nimeshatema, na kilichotemwa hakirambwi.

Kanisani nimemwambia mchungaji. Anakuna kichwa mpaka leo.

Yale maua ya njano bado yanaota. Jembe nalipitisha kando.

Haya, zamu yenu. Mwenye jiwe lake aliweke hapa chini tulione. Mwenye matusi, akae nayo mdomoni kwanza.