Parechoki ya Kumleta Baba

Baba alifariki Kamanyola kwa ugonjwa wa sukari, kifo ambacho wakati wa vita kilikuwa karibu anasa. Tulitaka alale huku kwetu Uvira, kando ya kaburi la mama. Mwenye gari katika ukoo nilikuwa mimi peke yangu, na gari lilikuwa halitembei. Hakuna risasi iliyoligusa. Siku milio ya kwanza iliposikika upande wa uwanda, nililiingiza uani kwa haraka nikagonga ukuta wangu mwenyewe, na parechoki, yaani bampa, ya mbele ikajikunja hadi ikabana gurudumu.

Gereji za mtaani kwetu Kimanga zilikuwa zimefungwa. Mafundi walikuwa wamevuka mpaka kwenda Bujumbura. Nikaifungua parechoki mwenyewe, nikailaza juu ya matofali, nikainua nyundo. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa akipepea makaa ya mbabula, jiko letu la mkaa, aliniuliza nilisoma nini hasa huko chuo kikuu. Filozofi, nikasema.

“Basi iongeleshe,” akasema. “Labda itajinyoosha.”

Hakucheka, wala mimi. Nilijua angalau kwamba aluminiamu kama ile ikipigwa baridi hupasuka. Wafua sufuria huipaka kwanza sabuni, kisha huipasha moto; sabuni ikigeuka nyeusi, imelainika, wanaanza kupiga. Sabuni nyumbani ilikuwa moja tu, ile dada aliyoinunua ya kumwosha baba. Nilimwomba. Aliitazama kidogo, akaikata kwa kisu cha mboga, akanipa nusu.

Nikapaka, tukasogeza makaa chini yake, tukangoja. Sabuni ikanuka, ikawa kahawia, ikawa nyeusi. Niligonga juu ya kipande cha ubao, polepole, na parechoki ikanitii kwa namna ambayo wanafunzi wangu hawakuwahi kunitii. Ilikuwa starehe, nasema kweli. Kwa muda wote ule sikumfikiria marehemu.

Ilikuwa haijapoa bado simu ya dada ilipolia. Alikuwa binamu yetu wa Kamanyola, na dada akaweka sauti nje nisikie. Barabara imefungwa, hakuna anayejua itafunguliwa lini, na kwa joto hili maiti haiwezi kungoja.

“Tumeisha kumuzika, yaya,” alimwambia dada yake mkubwa. “Musikuje.”

Dada akauliza amezikwa upande gani. Kando ya shamba la mihogo, akajibiwa. Akashukuru, akakata simu, akaniambia nimalize kazi kabla mvua haijanyesha.

Akanishikia upande mmoja, nikakaza nati. Nikawasha gari. Gurudumu lilizunguka bila kugusa popote. Nikarudi nyuma hadi getini, nikazima.